Kwa Mama Koleo, Aliyeandika Neno Kinyume

Mama, mwaka umetimia tangu utuache. Baba bado anaiwasha taa ya meza yako ya kazi asubuhi na kuizima jioni, na katikati hakuna anayekaa hapo. Tumemwambia anaunguza umeme bure. Anasema taa ni yake na umeme ni wake.

Wadogo zangu wamenisihi niandike kwa upole, maana tangazo la kumbukumbu husomwa na wengi, hata wasiotuhusu. Nimewaahidi nitajaribu. Upole ukiniishia njiani wanivumilie. Hasira hizi sikuziokota barabarani, na wewe unajua nilizitoa kwa nani.

Tunakukumbuka na koleo lako kwenye mfuko wa gauni, kazini, kanisani na hata harusini, mpaka mtaa mzima ukasahau jina lako la ubatizo ukabaki Mama Koleo. Ulikuwa sonara. Mgeni akiingia dukani akakuona umeinamia meza, akauliza, "Fundi yuko wapi?", ulimjibu bila kuinua kichwa, "Katoka, kaniachia mikono." Wengine walikaa kwenye benchi wakamngoja.

Mtu akileta pete ya ndoa aiuze kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, hukuinunua. Ulimwambia, "Iache hapa nikuangalizie," ukaifungia kwenye kopo la chai. Wengi walirudi wakiwa na aibu usoni, nawe uliwarudishia ikiwa imesuguliwa inang'aa, bila kuuliza kitu. Baada ya hapo ulitusimulia sisi mezani, ukiigiza sauti zao, na tulicheka mpaka Baba akatukataza.

Sasa nakuja kwenye Chama cha Wasichana cha kanisa letu, na hapo ndipo upole wangu unapoanza kuyumba.

Wakati Chama kinaanza, msichana aliyemaliza ngazi zake zote alivikwa utepe wa kitambaa. Ngazi hizo hazikuwa mchezo. Alikariri maandiko, alishona nguo ya mtoto, alimhudumia mgonjwa asiye ndugu yake, alifundisha wadogo kusoma. Akimaliza anapewa utepe, na utepe wenyewe ukifuliwa mara tatu unachuja. Mlezi wa kwanza, Mungu amrehemu, mama mfupi mwenye kicheko kikubwa, alikuja dukani kwako akautupa utepe mmoja mezani. Alisema, "Mwanangu, watoto hawa wametoka jasho. Nitengenezee kitu kitakachodumu."

Ulikuwa umeolewa juzi tu na fundi bomba. Mabaki ya mabomba ya shaba yalijaa uani. Ulichukua vipande hivyo, ukavipasua, ukavinyoosha kwa nyundo mpaka vikawa mabati mororo, ukakata vidani vya duara vidogo kama kifungo cha koti. Nyuma ulivipaka vanishi ili visiwachafue wasichana nguo. Mbele palitakiwa pawe na taa, na chini ya taa neno NIPO. Ndivyo wasichana wa Chama walivyoitikia walipoitwa majina mwanzo wa mkutano. Mlezi hakutaka "ndiyo" wala "naam". Alisema msichana aseme "Nipo", ajulikane amekuja mzima, miguu na moyo.

Kwa sababu vidani vilikuwa vingi, uliamua kutengeneza chapa: unachonga mara moja kwenye chuma, halafu unagonga, kila kipigo kidani kimoja. Hukuwa umewahi kutengeneza chapa. Ulikuwa umezoea kuandika moja kwa moja ndani ya pete za watu. Basi ukachukua kipande cha ekseli ya gari bovu, ukaichonga taa, ukalichonga na neno NIPO, vizuri, kwa mwandiko wako ule mnyoofu. Ukakitia chuma moto, ukakizima kwenye mafuta, kikakaza, hakichongeki tena. Ukaweka shaba, ukagonga.

Neno likatoka kinyume.

Baba anasema alikusikia ukipiga yowe akadhani umejigonga kidole. Alipofika alikukuta umekaa chini, unacheka hadi machozi. "Nimesahau chapa inageuza!" ulimwambia. "Nimeandika kama juha!" Chuma kilikuwa kimeshakaza, sherehe ilikuwa kesho yake, na chuma kingine hakikuwepo. Baba akasema, "Basi wape na vioo." Ukaendelea kugonga.

Hukuficha. Hili nataka lisomwe na wote: hukuficha. Ulimpelekea mlezi vile vidani ukamwambia wazi, "Mama, nimekosea. Neno limegeuka." Yule mama alikitazama kimoja, akakigeuzageuza, kicheko kikamtoka. "Tutawavika hivi hivi," alisema. Siku ya sherehe wasichana walitazamana vifuani wakaanza kunong'ona, "Opini? Opini ni nini?" Mpaka mmoja wao akaenda kujitazama kwenye kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, na tukasikia ukelele, "Jamani, inasomeka!" Nasema tukasikia kwa sababu nilikuwepo, tumboni mwako. Walipanga foleni kwenye kioo kile kidogo. Kila aliyefika alijiona, akasoma kifuani pake: NIPO.

Tangu hapo kidani kikaitwa opini, na wasichana wale wa kwanza wakaitwa Maopini mpaka leo wana wajukuu. Mwaka uliofuata ulikwenda na chapa mpya iliyochongwa sawasawa. Wasichana waliikataa. Walitaka opini.

Baadaye uliongeza bruchi ya taa, ile pini ya kubana kifuani, kwa wadogo wa ngazi ya mwanzo, na pete nyembamba kwa waliofundisha wenzao. Opini ndiyo iliyobaki kubwa kuliko zote. Na kulikuwa na jambo ambalo hukuliacha hata mara moja. Kabla ya kumpa msichana kidani chake, na kwa wale wa kwanza mara tu baada ya sherehe, ulimkalisha kwenye benchi ukamuuliza, "Kipi kilikutoa jasho?" Alichotaja ndicho ulichokichora nyuma, kidogo sana, kwa ncha ya sindano. Mmoja aliyemhudumia mzee mgonjwa wa tumbo mpaka akapona alitaja kumwaga ndoo. Ukamchorea ndoo. Akaja kuwa mwuguzi, na sasa amestaafu. Mimi nilitaja kushona. Nyuma ya opini yangu kuna sindano, na ulinichorea na tone la damu.

Wewe mwenyewe hukuvaa opini hata siku moja. Ukiwa msichana, Chama hakikuwepo, na wakati wenzako wanacheza ulikuwa umekaa mezani kwa mjomba wako ukijifunza kulehemu. Hata kujaribu mnyororo ulijaribia kwenye mkono, hukujaribia shingoni. Nilikuuliza kwa nini. Ulisema, "Hiki ni cha aliyepanda ngazi. Mimi sijapanda." Uliiheshimu sheria yao kuliko wao walivyokuheshimu wewe. Haya, upole umeishia hapo.

Mlezi wa kwanza alipofariki, makao makuu yaliweka uongozi mpya. Siku moja walikuja dukani wanawake watatu wenye suti, na aliyewaongoza ndiye leo Mama Mlezi Mkuu. Nilikuwepo, nakata kucha za mdogo wangu. Alishika opini kwa vidole viwili kama ameshika mende.

"Mama, umetuaibisha miaka yote hii," alisema. "Wageni wanatuuliza kama wasichana wetu hawajui kusoma."

"Ni kweli nilikosea," ulimjibu. "Nilisema siku ile ile."

"Basi kosa lako tumelirekebisha."

Wakatangaza kanisani kwamba nishani zenye kosa zirudishwe. Walisema hivyo madhabahuni, nishani zenye kosa, nawe umekaa benchi la tatu na koleo lako mfukoni. Wakaleta nyingine za kiwandani, neno limenyooka, rangi ya dhahabu, na rangi yenyewe ikabanduka kabla ya mvua za kwanza. Vishikizo vikakatika. Wasichana wakakuletea wewe uvitengeneze. Nami nilitaka uwafukuze, nakumbuka nilivyopiga kelele. Ulinitazama tu, ukamwambia mtoto aliyesimama mlangoni, "Lete mnyororo wako, mama. Wewe huna kosa." Ukalehemu, ukapuliza, ukampa. Mwaka hadi mwaka, mpaka mikono ikaanza kutetemeka.

Opini ulizogonga, nyingi hazikurudishwa. Wenyewe walizificha kwenye masanduku ya nguo.

Ukaumwa, Mama, ukaenda. Siku ya kukuzika nilivua opini yangu niiweke kifuani pako. Hukuwa nayo, basi uende na ya mwanao. Mama Mlezi Mkuu alikuwa sebuleni, kaja na ujumbe wa makao makuu na shada la maua. Alinishika mkono.

"Hapana, mama. Utaratibu hauruhusu. Nishani ni ya waliofuzu."

"Ni yangu mimi, nampa mama yangu."

"Nishani haigawiwi. Mtaharibu mfano kwa watoto."

Mchungaji alitazama viatu vyake. Shangazi akaninong'oneza nisilete fujo kwenye msiba. Nikairudisha shingoni.

Na hawakuishia hapo. Wasomaji wasiokijua Chama wajue kwamba msichana wake, hata akiwa bibi kizee, akifa, wenzake husimama kaburini, kiongozi akaita jina lake, na wote humjibia kwa pamoja: "Nipo!" Wasichana walikuja kukuzika, Mama. Walisimama mistari kwa mistari, sare zimepigwa pasi, na wengi wao shingoni mwao mnyororo ulioutengeneza wewe. Walikuwa wameambiwa wasiite, kwa sababu hukuwa mwanachama. Wakasimama midomo imefungwa. Nilikuona unateremshwa na hakuna aliyeitika kwa ajili yako. Mpaka leo, nikiwa nasuuza vyombo, kimya kile kinanirudia na sahani inanitoka mkononi.

Ningekuwa nimeishia hapo pengine ningesamehe. Nasema pengine.

Lakini ikaja Jubilei. Ukumbi wa kanisa ukapambwa, yakawekwa makabati ya vioo yenye maandishi juu, HISTORIA YA NISHANI ZETU. Nilikwenda na Baba na yule mama mwuguzi mstaafu. Na tulikuta nini ndani ya kabati la kwanza? Opini. Nishani zenye kosa! Zimelazwa juu ya kitambaa cha mahameli, zimewashiwa taa. Na kadi pembeni ikasema kwamba mlezi wa kwanza, baada ya maombi marefu, aliongozwa kuliandika neno kinyume, ili msichana ajue kwamba wito wake ni wa kusomwa na yeye mwenyewe kwanza, kabla ya kusomwa na watu. Ikaendelea kusema kwamba makao makuu, katika mwaka huu wa Jubilei, yameirejesha hekima hiyo ya kale, na nishani mpya zitaandikwa kinyume.

Hekima ya kale! Mama, nilitafuta jina lako kwenye kadi ile juu hadi chini. Nililigeuza kabati kwa macho. Hukuwepo. Mwisho kabisa pameandikwa, "Zilitengenezwa na fundi wa mtaani."

Lilipokuwa aibu, kosa lilikuwa lako, na ulisimangwa nalo mbele ya madhabahu. Lilipogeuka hekima, likawa la maombi marefu. Mimi nimewahi kuona watu wakiiba fedha, wakiiba kuku, wakiiba waume. Sikuwahi kuona watu wazima wakimwibia mtu kosa lake! Tena wamembebesha marehemu mlezi wa kwanza uongo ambao hawezi kuukana, naye ndiye aliyecheka na wewe mpaka akashika mbavu.

Yule mama mwuguzi ndiye aliyeniokoa nisivunje kioo. Moja ya opini ilikuwa imegeuzwa mgongo, na chini yake pameandikwa, "Alama ya kengele, ishara ya wito." Alivaa miwani, akainama, akaangalia. Halafu ukumbi mzima ukamsikia.

"Kengele gani? Hii ni yangu mimi, niliwaazima. Wameilaza miguu juu! Hii ni ndoo. Ndoo ya matapishi!"

Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Nilimfuata Mama Mlezi Mkuu pale pale. Nilimwambia, "Andikeni jina lake. Kadi moja tu, mnaandika kwamba alikosea, akasema, na watoto wakaipenda. Hatuombi zaidi."

"Mama, tunaelewa uchungu wako," alisema. "Lakini kosa haliwezi kuitwa mchango. Tutawaambiaje watoto kwamba nishani yao ilitokana na bahati mbaya?"

"Mtawaambia ukweli."

Akaniambia nipumzike.

Wiki iliyofuata wakawatuma vijana wawili wa ofisini nyumbani. Wameitaka chapa, Mama. Ile chapa yako ya ekseli, iwekwe kwenye kabati la kioo, moja kwa moja, iwe mali ya makao makuu. Baba aliwapokea mlangoni, akawasikiliza hadi mwisho, unajua anavyosikiliza.

"Chini yake mtaandika nini?" aliuliza.

"Chapa ya asili ya Chama, mzee."

"Mwenyewe je?"

"Mzee, nafasi kwenye kadi ni ndogo."

"Na mlango wangu nao mdogo," Baba alisema, akaufunga taratibu.

Juzi tulikwenda kukujengea kaburi. Tulimleta mwashi, tukaleta mchanga na saruji, Baba akapima mwenyewe kwa ile kamba yake ya kazi. Hatukutangaza. Lakini habari zilifika, na zege lilipokuwa linamwagwa nikaona wanakuja, Maopini, wale wa kwanza waliobaki, mmoja na fimbo, mmoja ameshikwa mkono na mjukuu, mbele yao yule mama mwuguzi, ambaye opini yake alikwisha kuidai makao makuu. Wote wamevaa opini nje ya nguo, shaba imekolea weusi wa miaka. Hawakuwa na kibali cha mtu. Walisimama upande wa miguu yako kama kinavyosimama Chama kizima.

Mwashi alilaza saruji, akainyoosha na mwiko mpaka ikawa laini. Mama mwuguzi akavuta pumzi akaita, kwa sauti ile ya wodini, "Mama Koleo!"

Wakafungua midomo wakujibie. Baba akainua mkono.

"Ngojeni," alisema. "Ajibu mwenyewe."

Akatoa chapa mfukoni. Nilikuwa sijui kwamba ameibeba. Alipiga magoti, akaibusu, akaikandamiza kwenye saruji mbichi, mahali kifua chako kilipo, akaishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinyanyua palikuwa na taa ndogo, na chini ya taa neno. Akaifuta chapa kwa shati lake la kanisani, akairudisha mfukoni. Mdogo wangu wa mwisho ameshaomba aanze kukaa mezani kwako, na Baba amekubali. Msichana yeyote aliyepanda ngazi zake na anayetaka opini ya kweli aje dukani. Ataulizwa kilichomtoa jasho.

Mwashi aliinama akaangalia, akajikuna kichwa.

"Mzee, samahani, saruji bado mbichi, tunaweza kufuta. Neno limetoka kinyume."

"Kinyume kwako wewe uliyesimama juu," mama mwuguzi alimwambia. "Yeye yuko upande wa chini. Analisoma sawasawa."

Unakumbukwa na mume wako, fundi bomba, anayewasha taa yako. Na mimi mwanao wa kwanza mwenye sindano. Na mdogo wangu mwalimu, aliyefuta maneno makali zaidi katika tangazo hili. Na kitinda mimba wako uliyemwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake. Na wakwe zako, na wajukuu zako wanaogombania koleo lako. Na dada zako. Na Maopini wote, waliotangulia na waliobaki.

Tutakukumbuka daima, Mama. Na waliosahau, tutawakumbusha.